Nakala Isiyofunguka

Masisi, 3 Septemba 2012

Mvua ya kwanza ya msimu imefika leo, na Benita amefika nayo, nyuma ya pikipiki, ana matope mpaka magotini na bado anacheka.

Nilikuwa nimeambiwa atakuja mtu wa kusaidia. Nilidhani ni wa kubeba makartoni. Kumbe Mama Kavira alimkumbatia pale mlangoni pa depo, wakaanza kusemezana Kinande, maneno yanakimbia kama maji ya mto Osso, nami nimesimama pembeni na ufunguo wa chumba cha mashini mkononi. Walipochoka kucheka ndipo akanigeukia.

"Anasta, huyu njo Benita, mutoto wa kwetu Butembo. Alisomeaka Kampala. Ile kazi ya programu mutaifanya pamoja."

Ile kazi ilikuwa yangu. Tangu Mama Kavira afungue depo za dawa hapa Masisi, Mushaki, Rubaya na kule Kibua upande wa Walikale, mimi ndiye ninayelinda mashini zake, yaani kompyuta. Kila mgonjwa wa sukari na kila mgonjwa wa kifafa amo ndani: dawa yake, kipimo chake, kitu kinachomdhuru. Watu wa huku hukimbia mara kwa mara. Mtu wa Rubaya akifika Mushaki hana hata sahani, anataja jina tu, muganga wa depo anaulizia Rubaya kwa simu na anajua ampe nini. Mwezi wa tano radi ilipiga depo ya Rubaya na mashini yake ikaungua pamoja na majina yote. Wiki iliyofuata msichana mmoja wa kifafa alipewa dawa asiyoivumilia, ngozi yake ikachubuka mwili mzima. Alipona, lakini Mama Kavira alilia kanisani mbele ya watu. Ndiyo sababu anataka programu ya kutunza nakala za kila kitu na ya kurudisha kila kitu kikipotea. Ziko tatu za kujaribu. Aliniambia mimi nichague. Mimi.

9 Septemba

Misa. Benita ameimba sauti ya pili bila kufundishwa. Mama yangu ameuliza mara mbili ni nani yule msichana.

14 Septemba

Tumeanza. Programu hizi zina majina ya kizungu marefu ambayo Mama Kavira hayawezi, kwa hiyo tunaziita kwa rangi ya makartoni yake: Buluu na Nyekundu. Ya tatu haina kartoni, mtu anaivuta tu kwenye mtandao bila kulipa, tunaiita ya Bure.

Buluu ni yangu. Nilimweleza Mama Kavira habari zake tangu mwaka jana. Inakwenda kasi, na ikimaliza inatoa ripoti nzuri yenye michoro, hata asiyesoma anaona kwamba mambo ni mazuri. Leo ilimaliza kunakili mashini kubwa ya hapa Masisi, inayokusanya sasa majina ya depo zote, kabla mvua haijakatika. Nyekundu ilichukua muda mara mbili. Ya Bure ilikuwa bado inatambaa tulipofunga mlango.

"Unaona?" nikamwambia Benita.

"Naona inanakili mbio," akasema. "Lakini dada, kunakili si kazi. Kazi ni kurudisha. Tutaiona siku ya kurudisha."

Alisema kwa adabu. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mwenye kiburi unaweza kumjibu.

15 Septemba

Mvua.

27 Septemba

Leo Benita alizima gurupu, jenereta yetu, kwa makusudi wakati programu zinanakili. Nilipiga kelele nikadhani mazutu, mafuta yake, yamekwisha. Yeye amesimama kwenye mvua, mkono bado uko kwenye swichi.

"Umeme utakatika tu, dada Anasta. Afadhali ukatike tukiwa tunaangalia."

Tulipowasha tena, Nyekundu ilianza upya tangu mwanzo kama mtu aliyesahau alikokuwa. Buluu vilevile. Ya Bure peke yake iliendelea pale pale ilipoachia. Mama Kavira alikuja kuangalia, akampiga Benita begani, akasema neno la Kinande, wakacheka. Niliuliza amesema nini.

"Amesema niko na kichwa cha mbuzi," Benita akanijibu.

Sikuamini. Mtu hatukanwi kwa uso ule.

Miaka yote hii Mama Kavira hajawahi kunipiga begani.

4 Oktoba

Nimerudi nyumbani nikamkuta Benita jikoni kwetu, ameketi kwenye kiti kile cha karibu na moto, anamenya viazi. Mama yangu anamwita "mutoto wangu". Alimpa maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu, yale ambayo mimi huambiwa yangoje Jumapili. Akamweleza habari ya sukari yake, jinsi miguu inavyowaka, jinsi anavyoiogopa sindano. Mimi hajanieleza kwamba anaiogopa. Lakini kweli mimi huichoma nikiwa tayari nimevaa viatu.

Usiku wa kuamkia leo radi imeua ng'ombe wawili kwa jirani yetu Papa Symphorien.

16 Oktoba

Edmond, dereva wetu, amepeleka dawa Mushaki. Mama yangu alipaswa kwenda naye ili muganga wa huko, Byamungu, amtazame. Mimi nilikuwa na jaribio la Buluu, sikutaka Benita alifanye bila mimi. Basi Benita ndiye aliyemsindikiza mama. Wamerudi jioni na fromaji nzima, jibini la huko, wamechoka kwa kucheka.

"Byamungu amesema nini?" nikauliza.

"Benita atakuelezea," mama akasema.

Sikumwuliza Benita. Nitaiona kwenye mashini, nikajiambia.

22 Oktoba

Benita yuko Rubaya akifunga mashini mpya. Nilibaki peke yangu, mvua nje, nikaamua kufanya lile jaribio analolisema kila siku: kurudisha. Nilichukua ile mashini ya zamani ya stoo, ya aina tofauti na mashini kubwa, nikaitia diski yenye nakala ya Buluu, nikaamuru irudishe.

Ilikataa. Nilijaribu tena. Ilikataa kwa maneno yale yale: mashini hii si sawa na ile ya kwanza. Kumbe nakala ya Buluu inafunguka tu kwenye mashini iliyo pacha wa ile iliyonakiliwa. Huku kwetu pacha huyo utampata wapi? Mashini zetu moja ilitoka kwa mapadri, nyingine Kampala, nyingine hatujui.

Ripoti zile zote nzuri zenye michoro. Nakala isiyofunguka.

Nilichomoa diski, nikairudisha mashini ya zamani stoo, nikafuta alama za vidole vyangu juu yake. Kwenye daftari la majaribio sikuandika neno. Nimejiambia nitaandika kesho.

23 Oktoba

Sikuandika.

5 Novemba

Kila mmoja ametoa maoni yake kwa Mama Kavira. Mimi nimesema Buluu. Benita amesema ya Bure, kwa sababu ya umeme, akaketi. Nilingoja aseme habari ya kurudisha kwenye mashini ya aina nyingine. Hakusema. Yeye anayepima kila kitu, hilo hakulipima?

Mama Kavira amesema atafikiri.

12 Novemba

Maharagwe yametoa maua. Watu wa upande wa Sake wanapita na magodoro kichwani.

19 Novemba

Redio inasema vita iko mlangoni mwa Goma. Barabara ya Sake imefungwa. Mama Kavira aliniita peke yangu ofisini na akafunga mlango.

"Hatuko tena na wakati wa kufikiri. Kama tutakimbia, tutakimbia na nakala gani?"

"Buluu," nikasema. Ulimi ulitangulia.

"Basi Buluu." Akapanguza macho yake, amechoka. "Benita alipenda ile ingine. Lakini wewe njo unajua hizi mashini tangu zilikuwa mpya. Ujue, Anasta, yule mutoto sikumuleta kukuondoa. Nilikuonaka unakonda. Kila siku peke yako mu kile chumba. Nikasema atakufa na kazi yangu huyu, nimutafutie mudogo wake."

Nilitoka. Nimeketi nyuma ya depo kwenye mapipa matupu mpaka mvua ikaninyeshea. Nilichokuwa nakililia miezi mitatu nilikuwa nacho tangu mwanzo, na leo nimekipokea kwa uongo.

20 Novemba

Goma imeanguka. Asubuhi nilimkuta Mama Kavira anafunga insulini kwenye sanduku la baridi, Benita anamshikia mwanga. Sikuomba Benita atoke.

"Mama, Buluu haitafunguka Kibua tunakokimbilia. Nilijaribu. Inahitaji mashini kama ile ile. Nilijua tangu mwezi wa kumi."

Mama Kavira alibaki na chupa mkononi. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu, "Kwa nini?" Ndipo Benita akaweka tochi chini.

"Mama, hata mimi nilijua."

Tulimgeukia wote wawili.

"Nilijaribu siku ya pili ya kurudi kwangu kutoka Rubaya. Nikakuta dada Anasta amekwisha kujaribu, mashini inaandika saa na siku. Nikanyamaza." Alimtazama Mama Kavira, si mimi. "Nilitaka Buluu ianguke mbele ya watu wote. Ianguke na yeye. Tangu nifike hapa, kila mutu: Anasta angefanya hivi, Anasta haangaliaka saa akiwa kazini, muulize Anasta. Hata mama yake, viazi ninamenya mimi, habari zote iko za Anasta. Nilichoka."

Sijui nilisikia nini. Hasira, kwanza. Alinitegea shimo, akakaa kando kungoja. Kisha nikakumbuka kwamba shimo lile nililichimba mimi mwenyewe. Na chini ya yote hayo, Mungu anisamehe, nilisikia furaha ndogo chafu: alikuwa ananionea wivu.

"Batu bataniuliza dawa ya batoto yao," Mama Kavira alisema polepole, "na ninyi babili munapimana urefu." Akaiweka chupa ndani ya sanduku. "Sitaki kusikia tena. Mazutu iko ya leo tu. Fanyeni."

Tulifanya. Nyekundu tuliiacha, umeme ukikatika ingeanza upya. Tuliwasha ya Bure, ile ya kutambaa, ambayo Benita alikwisha kuijaribu na majina machache kwenye mashini ya stoo, ikafunguka. Benita alishughulika na mashini, mimi na gurupu. Ilikuwa inakohoa kwa sababu mazutu yalikuwa na maji, nikawa nayachuja kwa kitambaa cha kichwa changu. Ilizimika. Niliiwasha, na programu ikaendelea palepale. Ilizimika tena. Tuliamua mpangilio pamoja bila kugombana: Rubaya kwanza, kwa kuwa waliumia tayari, halafu Mushaki, halafu Kibua. Masisi mwisho, kwa kuwa watu wa Masisi tunawajua kwa uso. Jioni milio ya bunduki ilisikika kwa mbali upande wa milima, na Edmond akaanza kupiga honi. Masisi ilikuwa haijafika nusu. Gurupu ilizimika mara ya mwisho, nikatikisa pipa, halina kitu.

Benita alichomoa diski, akaniwekea mkononi. "Beba wewe," akasema.

22 Novemba, njiani

Gari lilikwama baada ya Nyabiondo, tukaliacha na Edmond, tukaendelea kwa miguu pamoja na watu wengine wengi. Mama yangu anatembea kwa fimbo. Sanduku la insulini anabeba Mama Kavira mwenyewe kichwani, hakubali kupokewa.

Leo asubuhi tulisimama chini ya paa la shule lililobomoka. Mama alikuwa amekula kiazi kimoja tangu jana. Nilichukua chupa ya insulini, nikavuta kipimo chake ndani ya sindano, ishirini, kama siku zote. Nikainua nguo yake. Benita akanishika mkono.

"Si ishirini."

"Niachie."

"Dada, si ishirini. Byamungu aliiteremusha siku ile ya Mushaki. Kumi na mbili. Na kama hajakula, nusu yake. Ukimuchoma ishirini na tumbo tupu, atalala hapa hapa njiani asiamuke."

"Mama," nikasema, "ni kweli?"

Mama aliangalia chini. "Nilikuambia Benita atakuelezea. Wewe hukuuliza. Nyumbani nilikuwa ninamuachia Benita anichome ukiisha kutoka, juu ya haraka yako. Na asubuhi ulipotaka, nilikudanganya nimekwisha kuchomwa."

Mimi ninayetunza dawa ya kila mgonjwa wa Masisi na Walikale nusura nimuue mama yangu kwa sindano. Jina lake liko katika ile nusu ya Masisi ambayo haikufika kwenye diski. Kama Benita hangekuwapo, hakuna mashini yoyote duniani ingenishika mkono.

Nilimwaga, nikavuta sita. Kisha nikampa Benita sindano amchome yeye. Mama alifumba macho akamshika bega, begani hasa, na mimi nikasimama na pamba.

Nimeandika hapa kila kitu mwaka huu, kwa hiyo niandike na hili. Sijawahi kumchukia Benita kama nilivyomchukia dakika ile. Nilienda nyuma ya shule nikapiga magoti kwenye matope, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, na chuki ikiwa bado ipo. Vyote viwili vilikaa pamoja, hakuna kilichomfukuza mwenzake.

25 Novemba

Tumefika Kibua. Miguu ya mama imevimba lakini anakula.

28 Novemba, Kibua

Mashini ya depo ya Kibua ni ya zamani kuliko zote, kifuniko chake kimefungwa kwa kamba. Mapadri wametuazima paneli ya jua. Habari zimetufikia kwamba depo ya Masisi imevunjwa na wenye silaha, mashini kubwa imebebwa, hatujui na nani.

Tulitia diski. Nilimwambia Benita abonyeze yeye, akasema hapana, wewe. Tukabonyeza kwa pamoja kama watoto.

Ya Bure ilianza kutambaa. Mchana kutwa. Watu walikaa nje kwenye nyasi, wengine kutoka Rubaya, wengine Mushaki, wengine wamekaa hapo tangu juzi. Mama Kavira hakukaa, alizunguka nyumba akisali rozari. Mawingu yalipofunika jua, mashini ilizimika, wote wakaguna. Jua likarudi, ikaendelea palepale.

Alasiri majina ya kwanza yakatokea. Nilitoka mlangoni kuwaita watu. Mwanamke mmoja alikuja mbio na mtoto wa kike mgongoni, mtoto ameuma ulimi wake mpaka damu.

"Ametoka Rubaya, anaitwa Furaha, baba yake Théoneste," alisema. "Alikunywaka kidonge cheupe, lakini bidonge byeupe iko mingi!"

Benita aliandika jina. Tulingoja. Likaja: dawa, kipimo, na chini yake maneno ambayo mimi na Mama Kavira tuliyaandika upya mwezi wa sita, nyumba kwa nyumba: asipewe ile nyingine, ngozi huchubuka.

Alikuwa yule msichana wa mwezi wa tano.

Nilisoma kwa sauti, Mama Kavira akampa kidonge kwa mkono wake, kisha akaketi chini, kwenye udongo, na viatu vyake vizuri, akalia kama siku ile kanisani. Benita na mimi tulisimama bega kwa bega, hatujui nani amshike. Tulimshika wote.

2 Desemba

Kwa watu wa Masisi tuliuliza mmoja mmoja. Wengine walikumbuka dawa yao. Wengine hawakukumbuka, tukaanza na kipimo kidogo na hofu. Mzee Léonard, mmoja wa hao, amefariki, hakufika hata mwisho wa juma. Hatutajua kama jina lake lingemsaidia. Mimi nitaendelea kujiuliza juu ya zile wiki nilizonyamaza. Benita anasema na yeye hujiuliza, na hatuambiani usijali.

3 Desemba

Tumeandika maoni ya mwisho, tumechagua ya Bure, ukurasa mmoja, majina mawili chini. Mama Kavira alisoma, akauliza jina la nani litatangulia. Tukasema lolote. Akasema, "Muko bawongo nyote."

11 Desemba

Goma imetulia kidogo. Mama Kavira amemteua Benita kwenda Butembo kusimamia nakala ya pili ya kila kitu, mbali na vita, ili lolote likitokea huku, kule ibaki. Ni kazi kubwa kuliko yangu, na mshahara zaidi, na chumba chenye umeme wa kudumu. Nilingoja yule mdudu wa wivu aume. Aliuma. Niliondoka kwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

14 Desemba

Benita ameondoka asubuhi kwa pikipiki kwenda Walikale kuitafuta ndege ya mizigo. Mama yangu alimpa kibuyu kizima cha maziwa, kilimwagika kabla hajapanda. Tulicheka sana. Alinikumbatia, akaninong'oneza neno lile la Kinande alilolisema Mama Kavira siku ya gurupu.

"Maana yake nini?"

"Nilikuambiaka. Kichwa cha mbuzi."

Akaenda. Pikipiki iliteleza kwenye kona ya kwanza, nikapiga kelele, akainua mkono bila kugeuka.

Chumba cha mashini hapa Kibua ni kimya. Nimejaribu kunakili, nikazima umeme kwa makusudi, nikasimama kuangalia, hapakuwa na wa kumwambia "unaona?" Mama ameuliza mara mbili kama Benita atakuwa amefika. Huko Butembo kesho atakuta ofisi mpya, atawazimia umeme, watapiga kelele, halafu watampenda. Jumapili atawaimbia sauti ya pili.

Nimewaonea wivu watu wa Butembo leo kuliko nilivyopata kumwonea mtu yeyote.